Kutunga soneti kwa Kiswahili: mizani 11, vina na mgeuko

Mtunzi wa Dar es Salaam akisikia neno soneti, mara nyingi hukumbuka darasa la fasihi ya Kiingereza, Shakespeare, na mwalimu akigonga meza kuonyesha silabi nyepesi na silabi nzito. Akijaribu kuandika yake kwa Kiswahili, hukwama palepale, kwa sababu lugha yetu haigongi meza namna hiyo. Hapo wengi huiacha, au huandika mishororo 14 isiyo na mizani yoyote (hesabu ya silabi) na kuiita soneti.

Mwongozo huu unapita njia nyingine. Soneti haikuzaliwa Uingereza, ilizaliwa Italia, na Kiitaliano kinakaribiana na Kiswahili kwa mambo matatu ambayo mtunzi anayahitaji sana: mkazo, irabu za mwisho na wingi wa vina. Ukiingilia mlango huo, soneti inakubali Kiswahili bila kulazimishwa. Nitakuonyesha hatua kwa hatua, na kwenye hatua ya tano utaikuta soneti nzima niliyoitunga kwa ajili ya mwongozo huu, uipime mwenyewe.

Hatua ya kwanza: ijue mifupa yake

Soneti ina mishororo 14. Umbo hilo lilianza Sicilia katika karne ya 13, katika baraza la mfalme Frederick II, na anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Giacomo da Lentini, aliyekuwa karani wa sheria wa baraza hilo. Aliyeieneza Ulaya nzima ni Francesco Petrarca (1304–1374). Katika mkusanyiko wake mkuu wa mashairi 366, soneti ni 317.

Umbo la Petrarca lina sehemu mbili. Ya kwanza ni mishororo minane, yenye vina viwili tu vinavyopishana hivi, kila herufi ikiwa kina kimoja: a b b a, a b b a. Ya pili ni mishororo sita, yenye vina vingine viwili au vitatu: c d c d c d, au c d e c d e. Kati ya mshororo wa 8 na wa 9 mawazo hugeuka. Huo ndio mgeuko, na kwa maoni yangu ndiyo roho ya soneti. Shairi la mishororo 14 lisilogeuka popote ni shairi la mishororo 14, basi.

Umbo la Kiingereza lilikuja baadaye, karne ya 16, Thomas Wyatt alipoileta soneti kutoka Italia na Henry Howard, Earl wa Surrey, alipoilegeza vina. Kiingereza kina uhaba wa maneno ya kutosheleza kina kimoja mara nne, kwa hiyo badala ya vina vinne au vitano wakatumia saba: a b a b, c d c d, e f e f, kisha g g. Shakespeare alitumia umbo hilo katika soneti zake 154 zilizochapishwa 1609. Edmund Spenser naye alikuwa na lake: a b a b, b c b c, c d c d, e e, ambapo kina cha mwisho wa kila kifungu huanzisha kifungu kinachofuata, isipokuwa mishororo miwili ya mwisho. Aliyezoea kutunga pindu, ambamo maneno ya mwisho ya ubeti huanzisha ubeti unaofuata, ataelewa haraka raha ya umbo la Spenser.

Usijitese sana na uhalali wa hesabu hizi. Shakespeare mwenyewe ana soneti ya mishororo 15 (ya 99) na nyingine ya mishororo 12 (ya 126). Ila kwanza jifunze kuitii kanuni.

Hatua ya pili: zoeza sikio kuhesabu mizani

Mizani ni idadi ya silabi katika mshororo, na anayetaka kutunga lazima azihesabu kwa sikio, si kwa macho. Mazoezi mazuri yanapatikana bure barabarani. Ukiwa kituoni, soma majina ya njia kwenye daladala na uyapasue:

Mwe-nge, 2. U-bu-ngo, 3. Ma-nze-se, 3. Mba-ga-la, 3. M-to-ni, 3. M-sa-sa-ni, 4. Ki-ga-mbo-ni, 4. Ka-ri-a-ko-o, 5.

Tazama Mbagala na Mtoni. Zote zinaanza na M, lakini M ya Mbagala imeungana na b na haisimami peke yake, wakati M ya Mtoni inasimama na kuhesabiwa. Vivyo hivyo m-tu ni mizani 2, m-pa-ka ni 3, m-la-ngo ni 3. N-chi ni 2, n-je ni 2. Lakini mba-li ni 2, nda-ni ni 2, ng'a-mbo ni 2. Sauti kama kwa, mwe, bya na shwa ni silabi moja moja. Irabu mbili zikikaa pamoja zinahesabiwa mbili: ka-a, ku-u, na-u-li.

Maneno ya mkopo yenye konsonanti iliyoachwa bila irabu ndiyo yanayoleta ubishi: labda, ghafla, daktari. Kwa desturi ya washairi wengi wa arudhi (kanuni za jadi za vina na mizani), konsonanti hiyo huhesabiwa: la-b-da 3, gha-f-la 3, da-k-ta-ri 4. Kwa soneti ya kwanza nakushauri uyakwepe maneno hayo kabisa, usije ukatumia jioni nzima kubishana na mtu juu ya mizani moja.

Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954 na baadaye akawa Meya Mwafrika wa kwanza wa Dar es Salaam, alishikilia kwamba shairi ni la kuimbwa, na lisiloimbika halijakamilika. Nakubaliana naye hata kwa soneti. Kwa hiyo usihesabu kimyakimya. Tamka, sauti itoke.

Hatua ya tatu: chagua kipimo kitakachobeba mawazo

Hapa ndipo penye jambo lenyewe, na nitakaa kidogo.

Mshororo wa soneti ya Kiingereza una silabi 10 zinazokwenda nyepesi, nzito, nyepesi, nzito, mara tano, na unapenda kuishia kwenye silabi nzito. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ba-HA-ri, pa-NTO-ni, ki-ga-MBO-ni. Maana yake neno letu la kawaida halimaliziki kwa silabi nzito. Ukitaka kuufuata mdundo wa Kiingereza sawasawa, itabidi kila mshororo uishie kwa kijineno cha silabi moja kama "tu"; "pia" haitoshi, "sana" haitoshi. Utatunga mishororo miwili mitatu, kisha maneno yatakuishia. Kiingereza chenyewe kina mshororo wa silabi 11 unaoishia kwa silabi nyepesi, na Shakespeare ameutumia mwanzo hadi mwisho katika soneti ya 20, lakini kwao huo ni upekee. Kwetu ndiyo hali ya kila siku.

Sasa utazame mshororo wa Petrarca. Una silabi 11. Mkazo wake wa lazima uko kwenye silabi ya 10, yaani ya pili kutoka mwisho. Halafu kuna mkazo mwingine mkubwa ndani, kwenye silabi ya 4 au ya 6. Chukua mshororo wa Kiswahili wa mizani 11, uukate vipande viwili, mizani 5 kisha mizani 6. Mkazo wa kipande cha kwanza utaanguka wapi? Kwenye silabi ya 4. Wa kipande cha pili? Kwenye silabi ya 10. Hukufanya lolote, lugha imekufanyia.

Jaribu:

Kariakoo / hadi Kigamboni

Ka-ri-a-KO-o ni 5, ha-di-Ki-ga-MBO-ni ni 6. Tayari una mshororo ambao mtu wa Firenze angeutambua mdundo wake asijue maana yake.

Kipimo hiki si kigeni kwa sikio la Mswahili. Al-Inkishafi, utenzi mkongwe wa Pate, una mishororo ya mizani 10 iliyogawika 6 na 4. Vipande visivyolingana vimo katika urithi wetu tangu zamani. Tumezoea tu nane kwa nane za shairi la kawaida.

Je, unaweza kutunga soneti kwa mizani 16? Unaweza, na wapo wanaofanya hivyo. Tatizo lake ni kwamba nane kwa nane hudai kina cha kati, yaani kina kingine katikati ya mshororo, na sikio la msomaji linakisubiri. Ukikitia, utabeba vina 28 katika shairi fupi, na nguvu zote zitaishia huko. Mizani 8 za utenzi nazo hukimbia mno. Utenzi unasimulia, unahitaji kasi. Soneti inahoji, inahitaji mshororo wenye nafasi ya kupumua mara moja. Kumi na moja inatosha.

Hatua ya nne: pata jambo lenye pande mbili, kisha kusanya vina

Kabla ya kutunga, andika sentensi mbili za kawaida, za lugha ya nathari, zilizounganishwa na neno "lakini". Soneti yako yote imo humo. Ya kwanza itajaza mishororo minane, ya pili itajaza sita. Kwa mfano wetu niliandika hivi:

"Unapoishi ni karibu sana, nikipanda pantoni Magogoni dakika chache niko kwako. Lakini umenifungia moyo, na huko hakuna chombo kinachofika."

Ukishindwa kuipata "lakini" yako, jambo hilo si la soneti. Litafaa tarbia, shairi la beti za mishororo minne minne, ambayo inaweza kulisifu au kulilaumu jambo moja beti kumi mfululizo bila kugeuka, na ikapendeza.

Halafu vina. Kisheria kina cha Kiswahili ni silabi ya mwisho tu: bahari na dhahiri vinakubalika, vyote -ri. Lakini kwa kuwa mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, sikio husikia zaidi vina vinavyoanzia hapo: bahari, hatari, tayari, shwari. Kwenye tarbia, kina cha silabi moja hutosha kwa sababu kinarudi mara nyingi na kina cha kati kinasaidia. Kwenye soneti huna kina cha kati. Nakushauri utafute vina vya silabi mbili za mwisho.

Chukua karatasi, chora safu nne, ujaze kila safu maneno kumi au zaidi. Kiswahili ni tajiri kwa hili kama Kiitaliano, kwa kuwa karibu kila neno linaishia kwa irabu. Utajiri huo nao una mtego wake. Vitenzi vya kutendea vitakupa -ia au -ea, vya kutendwa vitakupa -wa, na mahali pengi patakupa -ni. Mtunzi akiruhusu mishororo minne iishie na vitenzi vinne vya namna moja, kina kipo lakini hakuna anayekisikia. Changanya: jina la mahali, jina la kitu, kivumishi, kitenzi. Na usirudie neno lilelile likiwa na maana ileile.

Safu zangu zilikuwa -oni, -ari, -unga na -ako. Ile ya -oni nusu yake ni majina ya mahali yenye -ni, ndiyo, lakini Magogoni na Kigamboni ni majina ya pwani hii na yana haki ya kuwemo.

Hatua ya tano: tunga

Anza popote. Mimi huanza na mshororo wa mwisho nikiupata, kwa sababu nikijua ninakokwenda mgeuko hupangika wenyewe. Andika kila mshororo ukiwa umeukata kwa mkwaju, 5 / 6, usifute mikwaju mpaka mwisho. Hii hapa:

Nangoja zamu / hapa Magogoni,
pantoni yaja, / yakata bahari,
nauli ipo, / na moyo tayari
nivuke nije / kwako Kigamboni.

Ng'ambo si mbali, / i pale machoni,
maji yalala, / upepo ni shwari,
wala sihofu / wimbi la hatari,
punde nafika, / nipo mlangoni.

Lakini wewe / moyo umefunga,
hapana chombo / kifikacho kwako;
kuna mkondo / wa siri na kunga

uzungukao / kizingiti chako;
hata daraja / halikutuunga:
u ng'ambo yangu, / nami ng'ambo yako.

Ihesabu. Mshororo wa 8: pu-nde-na-fi-ka, 5, ni-po-m-la-ngo-ni, 6. Wa 13: ha-ta-da-ra-ja, 5, ha-li-ku-tu-u-nga, 6. Vina: a b b a, a b b a, c d c, d c d.

Nimeacha nafasi baada ya mshororo wa 4, wa 8 na wa 11 ili macho yaone vifungu, lakini usivichukulie vifungu hivyo kuwa beti. Kwenye tarbia kila ubeti hujitosheleza na kibwagizo huufunga. Soneti haina kibwagizo, na haina beti zinazojitegemea. Ni pumzi moja ndefu yenye kona moja.

Ndiyo maana mishata inaruhusiwa, tena inasaidia. Mshororo wa 3 unaishia "na moyo tayari", lakini maana haijatimia mpaka ufike "nivuke nije". Wa 11 nao unavuka mpaka wa kifungu kuingia wa 12. Mlezi wa arudhi wa kale angekunja uso, kwa kuwa kwake mshororo unaokosa kujitosheleza ni kasoro. Kwenye soneti, mshata ndio unaoondoa ule mwendo wa kusimama kila baada ya silabi 11. Usiuweke kila mahali. Miwili au mitatu inatosha.

Hatua ya sita: kagua mgeuko

Mgeuko wangu uko wazi: "Lakini wewe". Kwa anayeanza ni salama kuufungua kwa neno la namna hiyo, lakini, ila, bali, kumbe, walakini. Ukishazoea, uondoe neno, ubakize mabadiliko. Unaweza kugeuza nafsi (kutoka "mimi" kwenda "wewe"), kugeuza wakati (asubuhi hadi usiku), kugeuza kauli (kutoka maelezo kwenda swali), au kugeuza ukubwa wa picha: mishororo minane juu ya jiji lote, sita juu ya dirisha moja la Manzese.

Pima hivi. Funika mishororo sita ya mwisho, usome minane ya juu kama vile ndiyo shairi zima. Ikiwa mtu anaweza kubashiri yatakayofuata, mgeuko ni dhaifu. Minane yangu ya juu ni shairi la mpenzi mwenye furaha. Hakuna dalili ya mlango uliofungwa ila labda neno "mlangoni" lenyewe, lililowekwa mwisho makusudi ili mlango ule utakaosemwa baadaye uwe umeshatajwa.

Hatua ya saba: tamathali, chache na zenye kazi

Orodha za shuleni ni ndefu: tashibiha, sitiari, tashihisi, takriri, mubaalagha, tafsida, balagha, jazanda na nyinginezo. Mishororo 14 haiwezi kuzibeba zote na haipaswi. Chagua picha kuu moja na uifuate mpaka mwisho. Yangu ni maji ya kuvuka. Katika mishororo minane ya kwanza maji ni maji kweli, yale ya kati ya Magogoni na Kigamboni. Baada ya mgeuko, chombo, mkondo, daraja na ng'ambo vinabaki vilevile kwa majina, lakini vimekuwa sitiari za moyo uliofungwa. Picha moja ikitumika kwa maana ya wazi kisha kwa maana ya ndani, soneti inashikamana bila gundi nyingine.

Tashihisi, yaani kukipa kitu tabia ya kiumbe hai, imo mahali pamoja, "maji yalala", na imekaa pale kuonyesha utulivu ambao baadaye utakuja kuwa uongo. Takriri imo mshororo wa mwisho: ng'ambo mara mbili, mara ya pili ikiwa imegeuzwa mmiliki. Mshororo wa 13 una kitu ambacho msomaji wa Dar es Salaam atakielewa bila maelezo: daraja la Kigamboni lilifunguliwa 2016, watu sasa wanavuka kwa magari bila kungoja pantoni, na bado hawa wawili hawajakutana. Tukio la kweli la mahali lina nguvu kuliko tamathali tatu za kukopa. Ukiandika juu ya theluji na waridi ukiwa Temeke, msomaji ataona umeandika kwa macho ya mtu mwingine.

Tashibiha nimeiacha. "Kama" ni neno la kuchunga sana kwenye soneti. Linakula mizani mbili na mara nyingi linafafanua kitu ambacho sitiari ingekisema kwa nguvu zaidi.

Hapa pia angalia uhuru wa mshairi. Tunao wa kutosha: inkisari ya kufupisha (aliyenipa ikawa alonipa, mizani 5 zikawa 4), mazda ya kurefusha, tabdila ya kubadili mwisho wa neno, kuboronga sarufi, lahaja na Kikale. Nimetumia "yaja" na "i pale", ambazo si za mazungumzo ya kila siku, na "wewe moyo umefunga" badala ya "wewe umefunga moyo" ili kina kikae mwisho. Kipimo changu ni kimoja: uhuru uliotumika ukifanya mshororo utamkike vizuri zaidi, uache. Ukifanya msomaji arudi nyuma kutafuta nani kafanya nini, umelipa kina kwa maana, na hiyo si biashara nzuri. Mazda ninaikwepa karibu kabisa. Neno lililovutwa ili lijaze mizani husikika mara moja.

Hatua ya nane: jaribu umbo la Kiingereza

Ukishatunga la Petrarca, la Shakespeare halitakutesa. Kinachobadilika ni mpango wa hoja. Badala ya pande mbili unakuwa na picha tatu za jambo moja, mishororo minne kila moja, kisha hukumu ya mishororo miwili yenye kina kimoja. Jambo letu lilelile lingeweza kupangwa hivi: minne ya kwanza juu ya pantoni, minne ya pili juu ya daraja, minne ya tatu juu ya simu inayoita bila kupokelewa. Kisha:

Kina cha maji / hupimwa kwa kamba;
kimya cha mtu / ndicho chenye mwamba.

Mishororo miwili ya mwisho inatakiwa ikate. Sisi tuna faida hapo, kwa kuwa tumekulia kwenye methali zenye vipande viwili vinavyopimana, na sikio letu linajua jinsi sentensi ya namna hiyo inavyofungwa. Faida hiyo ina hatari pia: mistari miwili ya mwisho inaweza kugeuka kuwa wosia wa mzee kwa vijana, ukaua picha tatu ulizozijenga. Hakikisha hukumu imetoka ndani ya picha zako, si kwenye kapu la methali.

Hatua ya tisa: ighani, kisha itoe nje

Isome kwa sauti ukijirekodi kwenye simu. Ukisikiliza, utazibaini sehemu mbili za ugonjwa: mahali ulimi unapojikwaa (mara nyingi ni konsonanti nyingi zilizorundikana, au m mbili zinazofuatana), na mahali unapokimbia ili kuwahi kina. Rekebisha hapo kwanza. Kisha ijaribu kwa mahadhi yoyote unayoyajua. Mizani 5 na 6 hazitaingia kwenye mahadhi ya tarbia, kwa hiyo utalazimika kutafuta ya kwako, na ukiyapata utakuwa umeongeza kitu.

Tangu gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923 na kupokea mashairi ya wasomaji wake, jiji hili lina desturi ya mtunzi kupeleka utungo wake hadharani na kujibiwa. Ipeleke soneti yako kwa watu wanaotunga. Wa arudhi watauliza kibwagizo kiko wapi. Waeleze umbo lake na uwaonyeshe kwamba mizani zimetimia. Wa mashairi huru watauliza kwa nini ujifunge, wasomee mishata. Katika miaka ya 1970 mabishano kati ya makundi hayo mawili yalikuwa makali, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa katikati yake. Soneti ya Kiswahili inaweza kukaa na wote wawili kwenye mkeka mmoja, kwa kuwa inatii hesabu na bado inaacha wazo litiririke.

Usiwaambie mgeuko uko wapi. Wasomee mara moja, uwaulize wao. Wakiuonyesha bila msaada wako, chukua karatasi nyingine uanze ya pili, safari hii kwa mizani 7 na 4, ambapo mkazo wa ndani unahamia silabi ya 6. Huu hapa mshororo wa kuanzia, kama unauhitaji:

Niliketi gatini / nikingoja